Nimewaita Majirani Zangu Wezi

Leo nimeuita mtaa mzima wezi. Kwa sauti!

Asubuhi nilianika karafuu jamvini mbele ya nyumba, hapa mtaani kwetu Jadida. Nikatia kufuli mlangoni (la kwanza mtaani, nalionea fahari), nikaenda kutazama nyumba ya kupanga upande wa pili wa Wete. Mtaa mtulivu, hakuna wa kukuuliza umepika nini.

Nikaipenda.

Mara mvua! Nikarudi mbio.

Nje hakuna jamvi, hakuna karafuu.

"Wezi! Nimeibiwa!"

Milango ikafunguka. Bi Mize, jirani ninayemkimbia kwa maswali yake, akatoka na beseni la karafuu. Mzee Faki na pakacha. Nyuma yao wengine, wamerowa chapachapa.

Kumbe walizianua wao. Kwangu kumefungwa, basi wakagawana kuzihifadhi majumbani mwao.

Aibu niliyoona, wallahi!

Bi Mize akanitazama.

"Wezi wenyewe ndio sisi, mwanangu. Tunasikia baridi. Chai iko wapi?"

Chai nimepika. Ufunguo wa pili wa kufuli anao yeye.

Ile nyumba ya mtaa mtulivu bado haijapata mtu. Nani anaitaka?