Trekta Ndogo ya Khaemba

Mzee Khaemba alikuwa fundi wa matrekta kwenye shamba la mkonge hapa Voi kwa miaka thelathini na moja. Ukimwonyesha trekta kuukuu, anapapasa ubavu wa injini, anakwangua grisi kwa ukucha, anasoma namba iliyogongwa kwenye chuma, kisha anakuambia mwaka ilipoundwa.

Ndivyo alivyoitambua ile ndogo iliyotupwa kwenye vyuma chakavu. Ilikuwa ya 1958, ya kukatia nyasi bustanini kwa meneja mzungu. Aliiomba, akapewa. Mashamba ya matuta kule Mghange kwa wakwe zake ni membamba, kwa hivyo aliikata ekseli, akaiunga ikawa fupi, akafunga na jembe. Ililima huko miaka kumi na minane.

Mkewe Wakio alipofariki, shemeji yake Fanuel, ndugu wa Wakio, ambaye hajawahi hata kushika usukani wa trekta hiyo, aliiuza kwa hoteli ya watalii. Alisema ilikuwa kwenye shamba lao, basi ni mali yao.

Hoteli ikamwita Khaemba airudishe ilivyokuwa zamani. Mimi ningewafukuza. Yeye aliikata ekseli palepale alipoiunga, akairudishia urefu wake, akang'oa jembe. Aliniambia, "Wangeita fundi mwingine, angeiharibu."

Sasa imesimama getini, nyekundu, inapigwa picha. Kibao kinasema ilitunzwa tangu 1958 na meneja wa shamba la mkonge. Kibao hicho walimpa Khaemba akifunge. Alikifunga kwa skrubu nne, na kimenyooka.