Digrii Ishirini na Sita

Kwa miaka ishirini na saba fundi huyu mama aliitwa Sikio, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Wenzake walikuwa wakifungua injini nusu siku kutafuta ugonjwa. Yeye aliinama juu yake, akafumba macho, akasema ni silinda ya tatu. Wapo walionuna. Na kweli ilikuwa silinda ya tatu.

Asubuhi hiyo alikaa kiti cha abiria, kompyuta mapajani ikiwa imeunganishwa na injini kwa waya, kijasho chembamba kikimtoka kabla gari halijaondoka. Usukani aliushika shemeji yake, mdogo wa mumewe. Gari hilo ndilo lililokuwa likimpeleka mama mkwe hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Tangu libadilishwe injini, lilipanda mlima wa hospitali kwa kusuasua, na wiki iliyopita likazimika katikati, mama akiwa kiti cha nyuma. Kesho ilikuwa zamu yake tena.

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na jedwali la vyumba mia mbili na ushee. Kushuka chini ni mwendo wa injini, kwenda pembeni ni mzigo wake, na ndani ya kila chumba kuna digrii: plagi itoe cheche mapema kiasi gani kabla pistoni haijafika juu. Ikichelewa, gari linakuwa zembe. Ikiwahi mno, mafuta yanalipuka ovyo na pistoni inapigwa kichwani mpaka itoboke. Sikio alikuwa na desturi yake, na aliwafundisha wengi: ongeza digrii moja moja mpaka usikie inagonga, kisha rudisha mbili.

Kumbe kugonga huanza na sauti nyembamba, na sauti nyembamba zilikuwa zinamtoroka. Mwezi uliopita birika lake linalopiga filimbi maji yakichemka lilikauka jikoni, naye yuko hatua mbili tu. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Aliogopa, tena aliogopa zaidi kuulizwa anaogopa nini.

“Tuanze na kumi na nane,” alisema. “Kanyaga mafuta, usilegeze.”

Wakapanda. Ishirini, kimya. Ishirini na mbili, gari likachangamka, kimya. Alitegemea ligonge hapo. Ishirini na tatu. Ishirini na nne. Vidole vikakosea kitufe mara mbili. Ni injini gani hii isiyogonga? Akaongeza tena mpaka ishirini na sita, akageuka, akamwona shemeji ameuma midomo na kuukaza usukani.

“Shemeji, unasikia nini?”

“Si hizo sauti kama za changarawe? Kama mtu anatikisa kopo.”

“Ondoa mguu kwenye mafuta. Sasa hivi.”

Gari likasogea pembeni, injini ikinguruma polepole.

“Zimeanza lini?”

“Tangu pale lango la shule.”

Penye lango la shule jedwali lilikuwa kwenye ishirini na mbili.

“Mbona hukusema?”

“Nikuambie nini wewe, shemeji? Nilijua unazisikia kabla yangu.”

“Sijasikia kitu.”

Shemeji alicheka, akidhani ni utani wa kishemeji. Alipomtazama usoni akaacha.

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo. Shuka uangalie nyuma, kama kuna moshi wa buluu. Pistoni ikitoboka, huo ndio hutoka.”

Sekunde zile alizokuwa peke yake garini zilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kukaa karibu na injini. Akilini alimwona mama mkwe hiyo kesho, amejifunga kanga, anangoja mlangoni. Shemeji akarudi. Moshi hakuna.

Sikio alirudisha jedwali kwenye kumi na nane.

“Tunateremka, tunapanda upya. Safari hii ukisikia changarawe, niguse bega. Usingoje nikuulize.”

Wakapanda. Alifumba macho kama zamani, kidole kikiongeza digrii moja moja, akatega masikio kwa nguvu zake zote, akasikia ngurumo nene ya injini na upepo wa dirishani. Penye lango la shule mkono ukamgusa bega. Alifumbua macho: ishirini na mbili. Akarudisha mbili, wakarudia mlima mara tatu, na mkono haukumgusa tena.

Juu, mbele ya hospitali, shemeji alizima gari.

“Mama atafika kesho,” alisema.

Ilibidi aseme mara mbili.