Mpimaji na Mistari ya Kijani

Mpimaji wetu wa programu ya pampu za dawa hula donati kwa uma, na hufuata kila mstari wa programu kwenye kioo cha kompyuta kwa kidole: wa kijani umepitiwa na majaribio, mwekundu haujaguswa. Jumatatu kijani kilifika asilimia tisini na nane. "Cheka basi, bibi mkunja uso!" vijana wa ofisini walimtania. Yeye akaongeza makusudi kipimo cha dawa mara kumi ndani ya programu, akayaendesha majaribio upya. Yote yakafaulu.

"Yanapita tu juu ya mistari, Bi Sundvall," alininong'oneza. "Hayakagui jibu."

Pampu hizo za dawa zina jina la marehemu mume wangu, aliyeniachia kampuni.

"Na zile arobaini zilizokwenda hospitali za Duluth Ijumaa?" nikamuuliza.

Akainua simu, akanikabidhi mimi.