Saa Tano na Nusu hadi Mtae

Niliondoka Maskati kwa sababu moja: Sikudhani, binti wa dada yangu, alikuwa anaolewa kwetu Mtae, juu kabisa milimani Usambara, na kwetu bibi harusi havuki kizingiti mpaka mjomba amshike mkono. Mjomba ni mimi peke yangu. Shule niliiacha mapema, nimezurura mashamba na bandari za watu, sasa napanga masanduku ya mboga ghalani, lakini cheo hicho hakuna aliyeninyang'anya.

Balaa alilianzisha shemeji Omari, baba wa binti. Aliiuliza simu umbali wa Maskati na Dar es Salaam kwa ndege. Ikajibu: kama kilomita elfu nne, saa tano na nusu. Basi akapanga harusi iwe siku ya pili tu baada ya mimi kutua.

"Shemeji, hizo ni za uwanja kwa uwanja," nilimwambia.

"Kwani Mtae iko wapi? Si hapo juu tu?"

Angani, kioo kilichokuwa mbele yangu kilionyesha ndege ikitambaa kwenye ramani. Sikubandua macho. Bahari yote ile tuliimaliza kwa muda ambao lori la kabichi hutumia kushuka kutoka Mtae hadi Mombo.

Dar, jioni. Nikiwa kwenye foleni ya mihuri ya pasipoti, dada Mwanahawa akapiga.

"Kaka, umetua?"

"Nimetua Dar."

"Alhamdulillahi, amefika!" Nikasikia vigelegele.

"Dada, basi ni la kesho asubuhi!" Ameshakata.

Mombo, mchana wa siku ya harusi. Sasa aliyepiga ni shemeji.

"Uko wapi?"

"Mombo."

"Mombo unafanya nini?"

Nilitamani kuitupa simu mtaroni. Akaniambia wakwe, watu wa Mlalo, wanataka kuondoka kabla ya magharibi, na wamesema baba mdogo amshike binti mkono yaishe. Binti amekataa, amejifungia chumbani. "Ongeza mwendo!"

"Shemeji, mimi si dereva!"

Lushoto nilipata lori lililokuwa likirudi tupu. Dereva alisimama kwa kila aliyemfahamu. "Onga mshi!" akiwasalimu kwa Kisambaa. Kisha habari za mke, za mbuzi, za viazi. Nami nikiuma meno.

Ng'ambo ya bonde, mkabala na nyumba ya dada, lori likaishia; kwao dereva ni hapo. Nikajitwika sanduku. Simu ikalia.

"Tunakuona!" shemeji akapaza sauti. "Umefika! Inua mkono!"

"Shemeji, kuna bonde zima..."

"Inua!"

Nikainua. Vigelegele vikavuka bonde. Kwetu kinachoonekana kimefika, hata kama kati yenu kuna mteremko wa kumaliza magoti. Wazee walikubaliana kwamba mjomba yupo na mkono ameutoa. Wakamtoa bibi harusi bila mimi. Nilikaa juu ya sanduku nikatukana peke yangu.

Chini bondeni nikakutana na magari ya wakwe. La kwanza likasimama. Sikudhani akashuka, shela ikiburutika kwenye tope.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wameshakutoa, mwanangu."

"Wamenitoa wao. Nishike."

Dereva akapiga honi. "Bibi harusi, giza linaingia!"

"Kampigie honi mama yako!" alijibu Sikudhani.

Nikamshika mkono, tukalizunguka gari polepole, nikamwingiza mwenyewe. Alikuwa analia na kucheka.

Kurudi Maskati niliondoka mapema mno, shemeji akanicheka hadi barabarani. Acha acheke. Siku hizi mtu akiniambia safari ni ya saa tano, namuuliza kwanza: kutoka mlango upi hadi mlango upi?