Moshi wa Nyama Choma na Kindi Weusi wa Adelphi

Kwa miaka miwili mizima niliamini kwamba kindi wa Adelphi, mtaa wetu huku ughaibuni, wamekuwa weusi kwa sababu ya moshi wa nyama choma yetu. Habari hiyo nilipewa na jirani yangu Mkongo, mama wa ghorofa ya tatu, huku akipepea makaa siku ya Jumapili baada ya ibada.

"Ndugu yangu, ulipofika hapa, si walikuwa wa kijivu?"

"Walikuwa wa kijivu."

"Na sisi tunachoma tangu lini?"

Nilitaka ushahidi gani tena?

Wakati huo nasoma shule ya jioni, na limebaki somo moja tu nipate cheti: biolojia. Nilishalifeli mara moja. Nikilifeli tena naanza mwaka upya, na nilikuwa nimeshautangazia ukoo mzima, kuanzia Temple Hills mpaka Bujumbura, washone nguo za mahafali. Kazi ya mwisho ilikuwa ripoti: mnyama na mazingira yanayobadilika. Nilicheka peke yangu kwenye basi mpaka dereva akanikagua kwenye kioo. Nikaandika kurasa kumi na moja juu ya moshi.

Bahati yangu, profesa mmoja wa mambo ya wanyama alikuwa akitega kindi nyuma ya majengo yetu. Anawapima uzito, anawatia alama sikioni, anawaachia. Siku moja kabla ya kukabidhi ripoti nikampelekea aisome, pamoja na tishu za maji za kazini, zile tunazowafutia wazee tunaowatunza. Nikamwomba nimfute kindi mmoja mweusi. Akamshika ndani ya mfuko wa kitambaa, mkia nje, mkia wenyewe unaweza kufagia Ikulu. Nikafuta, nikafuta, mkono ukafa ganzi. Tishu ikatoka nyeupe kama kanzu ya Idi.

"Moshi umeshaingia ndani," nikamweleza.

Profesa alicheka mpaka kindi mfukoni akatikisika naye. Akamwachia, akajifuta machozi, akanirudishia kurasa zangu.

"Hakuna kindi aliyegeuka rangi kwa moshi. Mweusi amezaliwa mweusi, amerithi kwa mzazi wake. Mahali pakibadilika, wanaopaweza ndio wanaoishi na kuzaa zaidi, basi baada ya muda unawaona wengi. Leo kaandike hivyo, na kesho utapita."