Maji Meupe ya Mwanamvua

Mwanamvua, mama yake Yusra, hakupima maji kwa chombo. Alizamisha mkono mpaka kiwiko. Kiganja kikipotea kwenye ukijani, alijua perege wake wanakula. Kwa mkono huo alilea watoto wanne tangu afiwe na mume, akitia samadi bwawani kwake Makutupora ili ule mwani wa kijani ustawi, akiuza samaki Dodoma mjini.

Mwaka 1994 shamba la zabibu lililo juu ya bwawa lilinunuliwa na Bwana Sostenes, karani aliyepunguzwa kazini, akaja na kiinua mgongo chake na maringo yake yote. Biashara ilikuwa imefanywa huria, na mjini dawa za kila namna ziliuzwa katika chupa zisizo na lebo. Sostenes alinunua ya magugu, akajaza bomba la mgongoni, akapiga mpaka ukingo wa mtaro unaoshuka bwawani. Mwanamvua alimwomba apalilie sehemu ile kwa jembe. Akajibiwa kwamba jembe ni la watu wasiojua biashara. Neno hilo alilimeza, lakini halikushuka.

Mvua ya kwanza ya Desemba ikaosha shamba. Baada ya wiki mbili Mwanamvua alizamisha mkono, akaviona vidole vyote vitano na kucha zake. Perege wakakonda, kisha wakaanza kuelea, leo wawili, kesho kumi. Anastazia, bibi shamba, alimweleza kuwa dawa inayoua majani shambani huua pia mwani wa kijani, unaowapa samaki chakula na pumzi. Husalia ule mwingine wa kibluu, sugu, unaonuka. Ukishakosa wa kugombania nao nafasi, hutwaa bwawa zima. Akamwonya pia asimwagilie mche wowote mchanga kwa maji yale, maana dawa bado imo.

Mwanamvua alishukuru, akaliweka moyoni hilo la mwisho.

Februari jua likarudi, kama kawaida ya Dodoma. Kisima cha Sostenes kikakauka, na kitaluni alikuwa na miche elfu mbili ya mizabibu, ndiyo kiinua mgongo chote kilichobaki. Akaja kusimama ukingoni, akayasifu maji.

"Mama Yusra, zamani bwawa lako lilikuwa kijani tupu. Sasa maji yametakata. Nisaidie."

Angeweza kumwambia. Ulimi ulikuwepo.

"Vuta tu, Bwana Sostenes," alisema. "Maji yenyewe yametoka kwako."

Pampu ilinguruma siku nne. Mwanamvua alikaa uani akipeta mtama, akisikiliza. Aliona raha, wala hakuona haya.

Wiki ya tatu miche ikapauka, ikaungua kuanzia ncha za majani. Sostenes akaja mbio, akitaka kujua maji yametiwa nini. Mwanamvua alimwambia akunje shati, azamishe mkono. Akazamisha. Kiganja kikapotea, maana ule mwani wa kibluu ulikuwa umeshalitwaa bwawa, na mkono ulipotoka ulikuwa umevaa utando wa kibluu unaonuka kama yai viza.

"Hiyo ndiyo dawa yako," alisema Mwanamvua. "Mimi imenilia samaki, wewe imekulia miche. Sasa tumekuwa majirani."

Sostenes alitafuta maji ya kunawa. Kisima chake kikavu, bwawa ndilo lile. Akaenda zake na mkono wake ukinuka.

Jioni Mwanamvua alilia, akililia bwawa. Miche hakuulilia hata mmoja.