Dumu la Maji Kwenye Ndege ya Mgiriki

Jamani, ndio kwanza nimeshuka kwenye ndege, mnisamehe nikikosea kuandika.

Leo nimepanda ndege ndogo kutoka Masasi kwenda Newala. Ni ya Wagiriki, inakodiwa na wanunuzi wa korosho. Viti vikibaki, wanatuuzia sisi.

Rubani Mgiriki alitupima mmoja mmoja na mizigo yetu, kwenye mzani wa korosho. Tukapanda.

Ndege ikakimbia. Ikakimbia. Hainyanyuki!

Mikorosho ya mwisho wa uwanja hiyo hapo mbele. Kila mtu anamwita Mungu wake.

Rubani akafunga breki, tukasimama hatua chache kabla ya miti. Akageuka, jasho linamtiririka, akauliza kwa Kiswahili chake: "Nani ongeza mzigo?"

Tukatazamana.

Akachungulia chini ya viti. Kwa Mama Somoe, abiria mwenzetu, akakuta dumu la maji, lita ishirini. Mumewe alimpenyezea baada ya kupimwa.

"Mwanangu, Newala maji hakuna," akasema Mama Somoe. "Wajukuu nitawaogesha na nini?"

Tukamfokea wote. Unataka kutuua? Akashushwa na dumu lake. Nilimwona dirishani, amelikalia pembeni ya uwanja.

Ndege ikarudi mwanzo wa uwanja, ikapaa, kwa shida.

Na mimi niliyefoka kuliko wote nilikumbatia begi langu hadi tunatua.

Ndani kulikuwa na dumu la maji la lita kumi, nalo halikupita mzanini.

Mama Somoe ni jirani yangu. Kesho akifika kwa gari nitampa shikamoo, naye ataitikia marahaba.

Halafu nimwambie, au ninyamaze?